Salamu za Krismasi kutoka Mkunazini

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Na ninyi jirani zangu Waislamu ambao hatujawahi kukosa kupelekeana sahani, Idi kwa Idi na Krismasi kwa Krismasi, assalamu alaikum. Kaskazi imeshaanza kuvuma, maembe yamejaa sokoni, na jioni nikipita Mkunazini nawasikia wanakwaya wakirudia ubeti mmoja mara tano kwa sababu sauti ya tatu haijakaa sawa. Kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba sikukuu imebisha hodi.

Salamu zangu za mwaka huu ni ndefu, mnivumilie. Kuna mtu nataka tumkumbuke pamoja, kwa sababu kila Krismasi tunaingia katika nyumba aliyoijenga, tunakaa, tunaimba, tunatoka, na watoto wetu hawajui hata jina lake. Ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA ya wazee wetu, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliyezikwa nyuma ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo hapa Mkunazini, Unguja.

Naanza na tarehe, maana ndiyo iliyonikamata. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, huku Uingereza ikitishia kukizingira kisiwa kwa manowari zake. Soko la Mkunazini, mahali ambapo watu walisimamishwa mistari, wakafunguliwa vinywa watazamwe meno, wakapigiwa mnada, likanyamaza. Miezi sita na siku chache baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Miaka minne baadaye, Krismasi ya 1877, ujenzi ukiwa haujaisha, watu wakaingia ndani wakasali kwa mara ya kwanza.

Siku zote mbili zilikuwa tarehe 25 Desemba. Mtu huchagua siku kama hiyo akiwa na neno la kusema.

Tuwaze kidogo kuhusu Desemba ile ya kwanza. Pepo hizi za kaskazi tunazozifurahia sasa, kwa miaka mingi ndizo zilizoyashusha majahazi kutoka Arabuni na kuwaleta wanunuzi. Msimu wa Krismasi ulikuwa pia msimu wa kuwasili kwa biashara. Kwa hiyo jiwe lile liliwekwa wakati ambao, kama mkataba usingetiwa sahihi, wateja wangekuwa njiani, tanga zimejaa upepo. Nikilikumbuka hilo, ule upepo mzuri wa jioni barazani haunipiti hivihivi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mbweni. Wazee wake waliletwa pale wakiwa watoto, wametolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa yakini kwao hasa ni wapi: Uyao, Unyasa, au mbali zaidi. Mbele ya madhabahu ya Mkunazini pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti wa kufungia watu na kuwachapa. Bibi alikuwa akifika hapo kwenda kupokea ekaristi anazunguka pembeni, hakanyagi. Mimi nilikuwa mdogo, nikamwuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu, “Mwanangu, hapo pana watu.” Sikumwelewa. Sasa na mimi nazunguka.

Turudi kwa Steere. Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo yenye heshima na fedha, akapewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858. Akawa kasisi wa kijijini huko Lincolnshire, pamoja na rafiki yake William Tozer. Misheni ilikuwa imezaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, na mwanzo wake ulikuwa msiba. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa kando ya mto Shire mwaka 1862, baada ya mtumbwi wao kupinduka na dawa zote kuzama. Tozer akaitwa ashike nafasi yake, na Steere akamsindikiza, wakitaraji itakuwa safari ya muda mfupi tu. Waliyoyaona bondeni kule yakawashinda. Mwaka 1864 wakaihamishia misheni Unguja, uamuzi ambao Livingstone mwenyewe aliukasirikia sana, akiuona ni kukimbia.

Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la magendo. Shule ikaanza hivyo, kwa watoto watano wasiokuwa na wazazi, wasioijua lugha ya walimu wao, na walimu wasioijua yao. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekwa mikono kuwa shemasi mwaka 1879. Kila nikisikia mtu akisema kanisa letu liliundwa na Wazungu, huwa namtaja John Swedi. Mtoto yule alitoka katika tumbo la jahazi akafika madhabahuni, na njia hiyo hakubebwa, aliitembea kwa miguu yake.

Hapa ndipo penye jambo ninalolipenda zaidi katika maisha ya Steere. Alipofika Unguja alikuwa na elimu nyingi na kinywa kisichoweza kuomba hata maji. Akakaa chini akasikiliza. Alikuwa na mtambo wa kuchapa, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi za risasi, na kila alichokisikia na kukihakiki kilipitishwa mtamboni kisomwe, kisahihishwe, kichapwe tena. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Mwaka huohuo akachapa mkusanyiko wa hadithi kama alivyosimuliwa na wenyeji, Kiswahili ukurasa mmoja na tafsiri ukurasa wa pili. Humo mna kisa cha punda wa dobi. Mnakikumbuka? Kima, ili ajiokoe asiuawe, kamwambia papa kwamba moyo wake kauacha mtini, maana sisi kima tukitembea huiacha mioyo yetu mitini. Nilikisikia kwa bibi kabla sijajua kusoma, nikakikuta tena kitabuni nikiwa mtu mzima, maneno karibu ni yaleyale. Watu waliomsimulia Steere ni walewale waliowasimulia bibi wa bibi zetu.

Na kuna jina moja ambalo Wakristo wa Unguja tunapaswa kulitaja kila Krismasi. Steere alipokuwa akihangaika na tafsiri ya Maandiko, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi hapa, alijitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Ilionekana baadaye kwamba Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha juu mno, cha wasomi, hakikuwafaa watoto wa shule ya misheni. Lakini hebu pigeni picha: kadhi wa Kiislamu na kasisi wa Kikristo, watu waliokuwa wakijadiliana dini zao waziwazi na kila mmoja akishika lake, wameinamia karatasi moja wakitafuta neno zuri la Kiswahili la kumsifu Mungu. Hakuna aliyesilimu wala aliyebatizwa. Kila mmoja alirudi kwake na imani yake, na lugha ikabaki imenufaika.

Steere alitafsiri Agano Jipya, sehemu kubwa ya Agano la Kale na sala za kanisa. Hakuiona Biblia nzima, ambayo ilikamilika mwaka 1891 naye keshalala kaburini. Kiswahili kilikuwa na maandishi yake tangu zamani kwa herufi za Kiarabu, na mashairi ambayo hata leo yanatutoa jasho kuyafasiri, kwa hiyo sitasema kwamba yeye ndiye aliyetuandikia lugha. Alichofanya ni kukipanga Kiunguja kwa utaratibu ambao wengine waliweza kuufuata. Na Mombasa ilipofanyika kongamano mwaka 1928 la kuchagua lahaja ya kusanifiwa, Kiunguja kikashinda Kimvita, na kazi ya Steere ilikuwa miongoni mwa mizigo iliyowekwa upande wetu wa mizani. Ndugu zangu wa Mombasa mnaosoma, najua bado linawauma. Kimvita kilistahili, nakiri, na washairi wake hawana mfano.

Uaskofu hakuutafuta. Tozer alijiuzulu mwaka 1873 kwa ugonjwa, na Steere akakubali kwa shingo upande, akawekwa wakfu Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874. Mwaka uliofuata alishuka Lindi akaingia bara kwa miguu mpaka kwa Mataka, chifu mkubwa wa Wayao kule Mwembe. Mwaka 1876 akatoka tena na watu zaidi ya hamsini, waume kwa wake, waliokombolewa na kulelewa Mbweni, akiwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotolewa. Walipofika Masasi wakaiona nchi ni njema, wakakaa. Basi mji ule wa Kikristo ulianzishwa na watu waliokwisha kuuzwa mara moja, na walipopata nafasi ya kuchagua pa kuishi kwa mara ya kwanza maishani, walichagua hapo chini ya majabali. Wamasasi, heri ya Krismasi kwenu kwa namna ya pekee.

Nisilete picha ya malaika, maana hata yeye asingependa. Waliokombolewa hawakuwa huru kama mimi na wewe tunavyoelewa uhuru. Balozi wa Uingereza aliwagawa kwa misheni kama alivyoona, na Mbweni walifanya kazi shambani chini ya taratibu za wamisionari, bila kuulizwa sana. Utumwa wenyewe haukuisha siku soko lilipofungwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja iliondolewa mwaka 1897 tu, na kabla ya hapo, mwaka 1890, nchi nzima ilikuwa imeshakuwa chini ya himaya ya Waingereza. Manowari iliyofungua minyororo ilikaa bandarini ikawa serikali. Nalisema hili kanisani pia, si hapa peke yake. Na namshukuru Mungu kwamba kiti kilekile cha Steere kilikuja kukaliwa na Frank Weston, kuanzia 1908 mpaka 1924, ambaye katika Vita Kuu aliwaongoza wapagazi wa Unguja akitembea nao kwa miguu, na mwaka 1920 akaandika kijitabu kuilaumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Huyo anastahili salamu zake siku nyingine.

Sasa jengo. Wengi wetu tumelizoea mpaka hatulioni. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na kasisi A. N. West kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu nyingine ikatolewa zawadi na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Kabla ya kanisa la mawe palikuwa na kibanda cha udongo, Steere akihubiri humo kwa Kiswahili, na watu wakija kusikiliza, wengine kwa imani na wengine kwa kutaka kumwona Mzungu asiyehitaji mkalimani. Kisha zikaja kuta. Matumbawe yetu haya ya pwani yalipondwa, yakachanganywa na saruji, na paa likamiminwa kwa umbo la nusu pipa kutoka ukuta hadi ukuta, bila boriti hata moja. Wenye kujua ujenzi walisema litaanguka. Lipo, na mvua za masika zimelipiga zaidi ya mara mia na arobaini.

Na karibu na pa kubatizia kuna zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu alikuwa safarini, mafundi wakaziweka walivyoona zinafaa, naye aliporudi akaamua zibaki. Watalii huchekeshwa nazo. Mimi huziona kama sahihi ya mafundi wetu. Majina yao hayakuandikwa popote, lakini mkono wao upo na hauwezi kudhaniwa kuwa wa mtu mwingine.

Kuna pia msalaba mdogo wa mbao, umetengenezwa kwa mti uliokuwa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Livingstone, ambao chini yake moyo wake ulizikwa mwaka 1873, kabla watumishi wake Susi na Chuma na wenzao hawajaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mtu aliyeikasirikia misheni kwa kuhamia Unguja, alama ya moyo wake imekuja kukaa Unguja. Nikiutazama hukumbuka kile kisa cha kima na moyo ulioachwa mtini, na siku moja niliwasimulia watoto wa shule ya Jumapili vyote viwili kwa pamoja. Mtoto mmoja akauliza: “Kwa hiyo Livingstone yeye alisema kweli?” Nikamwambia ndiyo, huyu alisema kweli.

Steere alifariki Agosti 1882, ana miaka 54. James Chuma, aliyembeba Livingstone na kuitumikia misheni kwa safari zake za bara, alifariki Unguja mwaka huohuo.

Wapenzi wangu, kila mwaka injili ya usiku wa Krismasi inaposomwa, nasubiri maneno machache tu: “hawakupata nafasi.” Kiswahili kimelibeba neno hili vizuri ajabu. Nafasi ni mahali pa kukaa, na ni muda, na ni fursa, na ni ile pumzi mtu anayoipata akiacha kubanwa. Mariamu na Yusufu walikosa zote kwa usiku mmoja. Waliosimamishwa pale Mkunazini walikosa zote kwa maisha yao yote. Na mimi naamini, kwa moyo wangu wote, kwamba aliyeamua jiwe liwekwe siku ile na madhabahu ikae mahali pale alikuwa akiwaambia watu hao: mtoto huyu aliyelazwa horini ni wa upande wenu. Angeweza kutafuta kiwanja kizuri Shangani, chenye upepo na mandhari ya bahari, mbali na kumbukumbu mbaya. Alikwenda palipokuwa pananuka.

Kwa hiyo salamu zangu. Kwa wazee wa Mbweni na Kiungani, na wote wenye asili isiyo na jina la kijiji: heri ya Krismasi, ninyi mna haki ya kukaa mbele. Kwa ndugu walioko ughaibuni, wanaosherehekea peke yao katika chumba chenye baridi, wakiimba nyimbo za Kiswahili kwa sauti ya chini wasimsumbue jirani: tunawataja kwa majina katika sala. Kwa aliyefiwa mwaka huu, ambaye kiti kimoja mezani kitakuwa kitupu: usijilazimishe kucheka, njoo ukae tu. Kwa wanakwaya: ile sauti ya tatu itakaa, msikate tamaa. Kwa jirani zangu Waislamu: sahani yangu itakuja mchana, kama kawaida, na ya mwaka jana bado iko kwenu. Na kwa vijana wetu, ombi moja. Siku ya sikukuu, kabla ya picha na kabla ya pilau, pitieni mbele mkaliangalie lile duara. Msilikanyage.

Mkesha nitakuwa nyuma, upande wa zile nguzo zilizopinduliwa. Ukichelewa usirudi nyumbani. Ingia tu polepole, nitakuwa nimekuwekea nafasi.